Macho ya Watoto wa Shule katika Mitaa ya Mashariki ya Nairobi



Ni desturi ya kitabu hiki cha mwaka kwamba, baada ya hesabu za fedha na majina ya marehemu tuliowasindikiza makwao, hutengwa kurasa chache kwa ajili ya historia, ili vijana wajue walikotoka na wazee wapime tulikofika. Mwaka huu twaandika juu ya jambo dogo kwa umbo lakini kubwa kwa matokeo, nalo ni macho ya mtoto wa shule ya msingi. Twataka kueleza jinsi upimaji wa macho ulivyochelewa kuwafikia watoto wa mitaa yetu, tangu Pumwani na Shauri Moyo hata Dandora na Kayole. Tena twataka kueleza kwa nini hata leo, palipo na vyombo na wataalamu, mtoto aweza kupimwa, akaonekana ana shida, kisha akakaa mwaka mzima bila miwani. Si kwamba elimu ya tiba imepungua. Kati ya chati ya kupimia na miwani yenyewe kuna safari, na safari hiyo haina mwenyewe. Kuitafutia mwenyewe ndiyo kazi tunayoiweka mbele yenu.

Mji uliomtaka mfanyakazi, usimtake mtoto wake

Asili ya jambo hili ni asili ya mitaa yenyewe. Serikali ya kikoloni ilipoipanga Pumwani mwanzoni mwa miaka ya 1920, haikumhesabu Mwafrika kuwa mwenyeji wa Nairobi. Kwao alikuwa mfanyakazi aliyekuja na kipande chake shingoni, afanye kazi, alale, na siku moja arudi kwao. Kariakor, iliyopata jina lake kwa wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, ilijengwa mabweni ya wanaume. Landi za reli huko Muthurwa zilijengwa kwa ajili ya watumishi wa reli, na Shauri Moyo ikafuata katika miaka ya 1930. Mji wa namna hiyo ulihesabu vitanda, haukuhesabu watoto.

Hata hivyo watoto walikuwako. Pumwani ilikuwa na nyumba zake, na wanawake wenye nyumba, na watoto waliozaliwa hapo hapo mjini. Hospitali ya wazazi ya Pumwani, ambayo wengi katika sisi ndipo tulipozaliwa, ilianzishwa mwaka wa 1926. Kisha ikaja Kaloleni katika miaka ya 1940, mtaa uliojengwa kwa nia ya kumweka mtu pamoja na jamaa yake. Baada ya Nairobi kupewa hadhi ya jiji mwaka wa 1950, mitaa ikaongezeka upesi kandokando ya barabara iliyoitwa Doonholm, ambayo sasa ni Jogoo: Bahati, Maringo, Jericho, Jerusalem, na ile miwili iliyopewa majina ya viongozi waliouawa, yaani Tom Mbotela mwaka wa 1952 na Ambrose Ofafa mwaka wa 1953. Jamaa zikaja, na shule za misheni na za Baraza la Jiji zikajaa.

Hapo ndipo twaona jambo la kustaajabisha. Mabwana waliotawala Nairobi walitoka katika nchi ambayo, kwa sheria ya mwaka wa 1907, kila mtoto wa shule ya serikali alipaswa kukaguliwa afya yake. Desturi hiyo waliijua tangu kwao. Lakini katika Kenya shule ziligawanywa kwa rangi, za Wazungu mbali, za Wahindi mbali, za Waafrika mbali, na fedha na waganga vikagawanywa vivyo hivyo. Kupima macho ya kila mtoto hakukuwa desturi ya shule za Waafrika. Ilhali hapo hapo Muthurwa na Makongeni palikaa watumishi wa reli, na ni kanuni ya reli kote duniani kwamba dereva wa gari la moshi hupimwa macho kabla ya kukabidhiwa usukani, kwa maana dereva asiyeiona ishara ataleta hasara kubwa. Basi jicho la mtu mzima lilikuwa na thamani kwa sababu ya mali ya mwajiri. Jicho la mtoto halikuwa na mwajiri.

Mtihani uliopima mambo mawili

Wazee miongoni mwenu wanaukumbuka utaratibu wa masomo uliofuata ripoti ya Beecher ya mwaka wa 1949. Mtoto wa Kiafrika alisoma miaka minne, akakutana na mtihani. Aliyepita akasoma minne mingine, akakutana na mtihani wa KAPE. Aliyeanguka katika darasa la nne, masomo yake mara nyingi yalikwisha akiwa bado mtoto, akaenda kutafuta kazi ya nyumbani, au ya kubeba mizigo, au kukaa tu barazani. Mlango ulikuwa mwembamba, na waliosukumana mbele yake walikuwa wengi.

Sasa na tufikirie jinsi mtoto alivyofundishwa. Vitabu vilikuwa haba. Mwalimu aliandika ubaoni kwa chaki, na watoto wakanakili. Hesabu ilikuwa ubaoni, imla ilisahihishwa ubaoni, hata maswali ya jaribio yaliandikwa ubaoni. Mtoto aliyeketi nyuma na asione mbali, aliona ukungu mweupe juu ya weusi. Alinakili kwa jirani yake, akahesabiwa mwizi. Alinyamaza, akahesabiwa mjinga. Alikosea, akapigwa kiboko. Mtihani ulidhaniwa kuwa unapima akili. Kwa mtoto yule ulipima akili na macho pamoja, na alama zilipotoka hakuna aliyeweza kujua ni kipi kilichomwangusha.

Wala mtoto mwenyewe hakuweza kujitetea, na hili yatupasa tulielewe vizuri. Mtu mzima ambaye macho yake yamepungua hujua kwamba yamepungua, kwa kuwa anakumbuka alivyoona zamani. Mtoto aliyeanza maisha na ukungu hana la kulinganisha. Hudhani kwamba watu wote huuona mti kama rundo la majani yaliyochanganyika, na kwamba wenzake husoma ubao kwa sababu wao ni hodari. Hivyo huamini maneno ya mwalimu kwamba yeye ni mzito wa akili, na akisha kuamini, hujifanya kuwa hivyo.

Shida zenyewe si za namna moja. Yuko asiyeona mbali: daftari huliona vema, lakini ubao humpotea. Yuko mwenye taabu ya kuona karibu: ubao huusoma, lakini kitabu humchosha na kumpa maumivu ya kichwa, hata akachukia kusoma. Yuko ambaye umbo la jicho lake huzipinda herufi, hivyo 3 hufanana na 8, na H hufanana na N. Tena yuko ambaye jicho moja ni zima na la pili ni dhaifu. Huyu ni wa hatari zaidi kwa kuwa hana analolalamikia: jicho zima humfanyia kazi yote, na ubongo wake hulizoea hilo moja na kulisahau la pili. Akigunduliwa mapema, kwa miwani na kwa kulifunika jicho zima kwa muda, jicho dhaifu laweza kufundishwa kuona. Akipita kadiri ya miaka 7 au 8, matibabu huwa magumu, na faida yake hupungua. Samaki mkunje angali mbichi.

Mitihani ilibadilika majina. Baada ya uhuru, tume ya Profesa Ominde ya mwaka wa 1964 ilileta utaratibu mpya, KAPE ikaondoka, na CPE ikaanza mwaka wa 1966. KCPE ilifuata mwaka wa 1985, nayo ikafanywa mara ya mwisho mwaka wa 2023. Kiboko kiliondolewa shuleni kwa amri ya Serikali mwaka wa 2001. Lakini ubao ulibaki ukutani, na mtoto asiyeuona alibaki nyuma ya darasa.

Waliofikiriwa kwanza

Si haki kusema kwamba habari za macho hazikushughulikiwa kabisa. Mwaka wa 1946 Jeshi la Wokovu lilianzisha shule ya wasioona huko Thika. Mwaka wa 1950 kulianzishwa Uingereza chama cha kuwasaidia wasioona katika makoloni, na mwanzilishi wake, John Wilson, alikuwa mtu aliyepoteza macho yake akiwa mtoto wa miaka 12, kwa mlipuko uliotokea darasani. Mwaka wa 1956 sheria ilitungwa katika Kenya ya kuunda chama cha nchi nzima cha kuwahudumia wasioona. Na mwaka wa 1975 idara ya macho ilianzishwa katika hospitali ya misheni ya Kikuyu, nayo imewarudishia wengi macho yao hata leo.

Kazi hiyo ilikuwa njema, na ilikuwa sawa kuanza na wenye dhiki kubwa. Lakini palitokea pengo. Mtoto wa Bahati au wa Jericho aliyeona nusu hakuwa kipofu hata apelekwe Thika, wala hakuwa mwenye kuona hata ausome ubao. Hakuugua, hivyo hakupelekwa hospitali. Hakulia, hivyo hakuulizwa. Mwaka wa 1984, Serikali ikisaidiwa na Wadenmark, vilianzishwa vituo vya kuwachunguza watoto wenye ulemavu ili wapelekwe katika shule ziwafaazo. Hata hapo, aliyehitaji miwani tu hakuonekana upesi, maana hakuna aliyemdhania kuwa ana upungufu. Tunaweza kusema kwamba kwa muda mrefu nchi yetu ilikuwa na mlango wa asiyeona na mlango wa aonaye, na wa katikati akakosa pa kuingilia.

Chati ya Utrecht

Labda mtu ataliza swali: je, chombo cha kupimia kilikuwa ghali, au kigeni, au kigumu? Sivyo. Chombo hicho ni karatasi. Daktari Herman Snellen wa mji wa Utrecht, nchini Uholanzi, aliitoa chati yake ya herufi mwaka wa 1862, yaani kabla reli haijafika Nairobi, na kabla Nairobi yenyewe haijakuwako. Juu ya chati hiyo herufi ni kubwa, na kila mstari unaofuata hupungua. Anayepimwa husimama mita 6 mbali nayo, akafunika jicho moja kwa kiganja bila kulibinya, akasoma kwa la pili, kisha akabadili.

Kwa mtoto ambaye bado hajui kusoma iko chati ya herufi E peke yake, iliyogeuzwa juu, chini, kushoto na kulia. Mtoto huonyesha kwa vidole upande ambao miguu ya E imeelekea. Matokeo huandikwa kwa tarakimu mbili. 6/6 ni jicho zima. 6/12 maana yake ni kwamba mtoto anahitaji kusimama mita 6 ili aone kile ambacho mwenye jicho zima hukiona akiwa mita 12. Aliyeshindwa na mstari huo, hata kwa jicho moja tu, yafaa apelekwe kwa mtaalamu.

Mwalimu yeyote aweza kufundishwa kazi hii kwa muda mfupi. Yahitaji chati, uzi wa mita 6, ukuta wenye mwanga, na subira. Hata hivyo tusiidai chati isichoweza. Humgundua vema asiyeona mbali, lakini mwenye taabu ya kuona karibu aweza kuisoma yote na bado akaumwa kichwa kila afunguapo kitabu. Kwa hiyo mzazi na mwalimu waendelee kutazama: mtoto asogezaye kitabu hadi puani, akunjaye uso, ainamishaye kichwa upande mmoja, au ambaye jicho lake moja halitazami lilipo la pili. Kengeza si laana wala si jambo la kuchekwa. Ni dalili ya kumpeleka mtoto hospitali.

Safari kati ya chati na miwani

Sasa twafika kwenye kiini cha maneno yetu. Mnamo Januari 2003 karo ya shule za msingi iliondolewa, na watoto waliokuwa wakirandaranda mitaani wakaingia madarasani. Lilikuwa jambo la heri. Lakini madarasa ya Eastlands yakajaa kupita kiasi, madawati ya nyuma yakawa mbali zaidi, na mwalimu mmoja hakuweza tena kumtazama kila mtoto usoni. Mwaka wa 2009 Serikali ilitoa sera ya afya ya shuleni. Sera ni neno jema, lakini haina miguu.

Tena Katiba ya mwaka wa 2010 iligawa kazi. Zamani Baraza la Jiji la Nairobi liliendesha zahanati na shule za msingi pia, zote chini ya paa moja. Tangu mwaka wa 2013 zahanati na hospitali za mitaa ni za Kaunti, na shule za msingi ni za Serikali ya taifa. Hatusemi kwamba mgawanyo huo ni mbaya. Twasema tu kwamba mtoto anayetoka darasani kwenda kliniki huvuka mpaka kati ya serikali mbili, na mara nyingi huvuka peke yake.

Ushahidi wa jambo hili umetoka hapa hapa Kenya. Katika Trans Nzoia, madaktari walifanya jaribio katika shule 50, na matokeo yakachapishwa mwaka wa 2018. Katika nusu ya shule hizo walimu walipima kwa chati ya kawaida, na mtoto aliyeonekana ana shida akapewa barua ya kwenda hospitali. Katika nusu ya pili walimu walipima kwa programu ya simu ya mkononi. Pamoja na barua, mzazi alipewa picha ya kumwonyesha jinsi mtoto wake anavyouona ulimwengu, na akakumbushwa tena na tena kwa ujumbe wa simu. Kwa barua peke yake, watoto 22 tu kwa kila 100 waliopaswa kwenda hospitali ndio waliokwenda. Kwa picha na ukumbusho, walikwenda 54.

Na tuzitazame tarakimu hizo kwa utulivu. Kwanza, waliokumbushwa walizidi wenzao maradufu, na hawakupewa dawa mpya wala daktari mpya. Kilichoongezeka ni kwamba mzazi alielewa, tena hakuachwa asahau. Pili, hata hao waliokumbushwa, karibu nusu hawakufika. Sababu zake twazijua sisi tukaao mitaani. Siku ya kliniki ni siku ya kibarua, na asiyekwenda kibaruani hali. Nauli ni ya watu wawili. Barua imekunjika mfukoni mwa sare na kufuliwa. Tena kuna wanaoamini kwamba miwani huharibu macho ya mtoto, au kwamba ni pambo la wazee na la wenye kujisifu. Haya si kweli. Miwani iliyopimwa sawasawa hailidhoofishi jicho. Humwonyesha mtoto kilichokuwako siku zote. Nchini China, jaribio lililochapishwa mwaka wa 2014 lilionyesha kwamba watoto wa shule waliopewa miwani bure waliwapita wenzao katika hesabu. Akili zao zilikuwa zile zile za jana.

Yatupasayo

Ndugu wanachama, chama hiki kinajua kukamilisha safari. Tukifiwa, hatungoji barua ya pili. Habari hupita nyumba hadi nyumba kabla ya jua kutua, daftari hufunguliwa, michango huandikwa, gari hupatikana, na wawili watatu huchaguliwa kwenda pamoja na marehemu hata kwao, awe wa karibu au wa mbali. Jambo hilo ni heshima yetu, na tusiliache. Lakini ikiwa twaweza kumsindikiza aliyefumba macho safari ya usiku kucha, twashindwaje kumsindikiza mtoto mwenye macho yake kwa basi moja hadi kliniki?

Kwa hiyo twaweka mbele ya mkutano mkuu mambo manne. Kwanza, kila tawi lichague wanachama wawili wa kuzungumza na walimu wakuu mwanzoni mwa mwaka, ili watoto wa darasa la kwanza wapimwe kabla ya kupangiwa madawati, na darasa zima walau mara moja tena kabla ya mtihani mkubwa. Pili, mzazi akiridhia, jina la mtoto aliyeonekana ana shida liandikwe katika daftari la tawi, na lisifutwe mpaka mtoto aonekane na miwani usoni, au daktari aseme haihitaji. Tatu, sehemu ya mfuko wa maafa itengwe kwa nauli na miwani ya watoto wa wasiojiweza, kwa hesabu ile ile ya wazi tuitumiayo kwa maziko. Nne, wazee wetu, ambao neno lao lina uzito kuliko karatasi, waseme hadharani kwamba miwani ya mtoto si aibu.

Twaongeza neno moja juu ya viwanja. Katika mji wa Guangzhou, China, jaribio lililochapishwa mwaka wa 2015 lilionyesha kwamba watoto walioongezewa dakika 40 za kukaa nje kila siku ya shule walipungukiwa na ugonjwa wa kutoona mbali: katika miaka mitatu uliwapata kama 30 kwa kila 100, na wenzao kama 40. Kwa hiyo kiwanja cha mtaa kinachochezewa na watoto ni kinga ya macho pia. Anayekinyakua kiwanja hicho na kukijenga hachukui udongo tu.

Katika darasa la watoto 60, wenye shida ya kuona huenda wakawa wawili au watatu. Ni wachache, nao hawapigi kelele. Lakini kila mmoja wao ana jina, ana mzazi, na ana dawati lililo mbali mno na ubao. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Twawaombeni mje katika mkutano mkuu mkiwa mmekwisha kuuliza, kila mtu nyumbani kwake, swali hili moja: je, mtoto huyu alipimwa macho lini?